Nyoka mdogo anayekataa kula

Tangu nilipopitisha hewani mazungumzo yangu na mzee mwenye nyoka, ujumbe umekuwa mwingi. Wengine wananiuliza kama sasa nimeingia uchawi. Wengine wanacheka tu. Lakini mama mmoja muhami alinisimamisha njiani akauliza swali lililo zito kuliko yote: kwa nini mtu atafute yai la kumpa nyoka mahali ambapo watoto wanalala na sombe bila chumvi? Dakika kumi za redio hazikutosha kumjibu, kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Jina la mzee sitalitaja, na yeye mwenyewe aliomba hivyo. Alifika pamoja na familia zilizokimbia kutoka upande wa Salamabila. Wenzake walibeba godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Yeye alibeba mkeka na kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na nyoka wawili wadogo. Baba yake alikuwa akitibu watu walioumwa na nyoka, naye tangu ujana amekuwa akipita sokoni siku za soko, anafungua kikapu, anawaonyesha watu, anawaeleza huyu ni nani na yule ni nani, na watu wanatupa faranga kidogo kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo kazi yake. Mwenye nyumba aliyempokea ni mtu mwema, lakini alisema neno moja tu: kikapu hakilali ndani. Basi kikalala chini ya ukingo wa paa la jikoni, kimetundikwa, na jiwe juu ya kifuniko.

Nilipokwenda mara ya kwanza na mashine yangu ya kurekodi, nilidhani atanieleza juu ya sumu. Hakutaka habari ya sumu. Alikuwa na wasiwasi mwingine. Nyoka wake wote wawili walikuwa wamekataa kula tangu walipoondoka kwao.

Wa kwanza alikuwa na unene wa kidole kidogo, rangi ya majivu yenye mabaka meusi mgongoni. Nikamwuliza: «Papa, mbona usimpe panya? Panya hapa hawakosekani.» Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa darasa la kwanza. «Mwanangu, huyu ukimwekea panya, panya ndiye atamla yeye.»

Na ni kweli. Huyo ni nyoka mla mayai. Wataalamu wanamwita Dasypeltis, na jamaa zake wanapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hana meno ya kukushika wala sumu ya kukudhuru. Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Anapolikuta yai, kwanza analipitia kwa ulimi, analinusa kila upande. Likiwa limeoza, au kifaranga kimeshakua ndani, analiacha anaenda zake. Likimpendeza, anafungua taya mpaka ngozi ya shingo inavutika kama mpira, analimeza zima. Kazi ya kulipasua inafanyika ndani: mifupa ya uti wa mgongo wake, sehemu ya koo, ina ncha zinazojitokeza kwa ndani, nazo zinakata ganda kama msumeno. Anabana, maji ya yai yanateremka tumboni, kisha anatapika ganda likiwa limekunjwa vizuri kama karatasi ya peremende. Mzee alinionyesha ganda kama hilo alilolihifadhi ndani ya kiberiti. Nimelishika mkononi. Lilikuwa jepesi kuliko ganda la karanga.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye kipimo. Nyoka wa unene wa kidole kidogo hawezi kumeza yai la kuku. Huko Ulaya na Marekani, ambako watu wanafuga nyoka nyumbani kama sisi tunavyofuga mbwa, nyoka wazima wa aina hii wanapewa mayai ya kware. Lakini wachanga hata yai la kware linawashinda. Wanahitaji mayai ya ndege wadogo sana, wale wa ukubwa wa shomoro au chini yake. Porini yeye hana wasiwasi: ndege wakitaga anakula mfululizo, na wasipotaga anakaa miezi bila kitu, akitumia mafuta aliyoweka mwilini. Kwenye kikapu hana hiyo kalenda, na anayemtunza anahesabu siku.

Wa pili alikuwa wa kahawia, mchanga, na mistari myembamba mieupe ikipita kichwani kandokando ya macho. Huyu ndiye nyoka wa nyumba. Mnamjua, ingawa wengi wenu mnamjua akiwa tayari amepondwa na jembe. Hana sumu. Mkubwa wake anakula panya usiku kucha na ni heri kwa mwenye ghala la mpunga. Lakini mdogo mara nyingi hataki panya. Anataka mjusi, hasa mjusi kafiri, yule mweupe anayetembea ukutani karibu na taa. Ukimpa kitoto cha panya, hata kiwe kidogo namna gani, anakipita kama jiwe. Pua yake, ambayo ni ulimi wake, haijakiandika kitu hicho kuwa chakula.

Hapo mzee alinifundisha ujanja wake. Mwenye nyumba alikuwa amegundua kiota cha panya chini ya mfuko wa mpunga, vitoto vyekundu ambavyo havijaota manyoya. Mzee alichukua kimoja, akamkamata mjusi kafiri ukutani, akakisugua kile kitoto kwa mwili wa mjusi, taratibu, mpaka harufu ikahama. Mjusi akaachiliwa. Kitoto kikawekwa kikapuni wakati wa magharibi, kifuniko kikafungwa, na kila mtu akakatazwa kukisogelea. Asubuhi hakikuwepo, na nyoka alikuwa na uvimbe mdogo katikati ya mwili. Mzee alisema: «Mara ya nne ataacha kuuliza harufu.» Maana yake, unapunguza harufu ya mjusi kidogo kidogo, mpaka nyoka anakula panya kama panya.

Niliporudi nyumbani nilimtumia ujumbe wa sauti binti wa shangazi yangu. Yeye alikaa miaka katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, kisha akapelekwa Marekani pamoja na watoto wake. Nilimwambia habari hii kama kichekesho. Akanijibu bila kucheka: «Yaya, jirani yangu hapa anafanya vilevile.» Jirani huyo, kijana tu, anafuga chatu mdogo wa Afrika magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kuuzwa nchi za nje. Huyo chatu anajulikana dunia nzima kwa kususia chakula. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula na asife, wakati mwenyewe analia usiku. Jirani ananunua panya dukani, ndugu zangu, panya waliogandishwa kwenye barafu, wamefungwa kwenye mfuko na kupangwa kwa ukubwa: wasio na manyoya, wenye manyoya machache, wakubwa. Anawayeyusha kwa maji ya moto, anamshika panya kwa koleo refu na kumtikisa mbele ya chatu ili aonekane hai. Chatu akikataa, anabadilisha harufu. Wengine hata wanamsugua panya kwa kifaranga.

Niliuliza kwa nini wasimpe panya aliye hai. Jibu lake na la mzee ni lilelile: panya mzima anayefungiwa na nyoka asiye na njaa atamng'ata nyoka, atamtafuna mgongo, na kidonda kitamwua. Mzee hajawahi kuona barafu ya dukani, lakini jambo hili alikuwa analijua.

Nimejifunza kwamba nyoka akikataa kula, mara nyingi sababu haiko kwenye chakula. Akikaribia kuvua gamba, macho yake yanageuka ya bluu kama yenye ukungu, haoni vizuri, na hatakula mpaka amalize. Akiwa na baridi, hawezi kusaga chakula: yeye hana joto lake mwenyewe, anakopa kwa jua na kwa udongo, na akila bila joto chakula kinaoza tumboni na anakitapika. Akikosa mahali pa kujificha, anajiona yuko wazi mbele ya mwewe siku nzima. Na akishikwashikwa hovyo, hasa baada ya kula, anatapika au anafunga mdomo wiki nzima. Wafugaji wanasema kipande cha chakula kisizidi sana unene wa mwili wake pale alipo mnene zaidi, mchanga alishwe kila baada ya siku tano mpaka saba hivi, mkubwa kila wiki mbili, maji safi yawepo daima, na baada ya hapo mtu aondoe mkono wake.

Na hapo ndipo mzee alipobanwa. Kazi yake ni kuonyesha. Kila siku ya soko kikapu kinafunguliwa, watoto wanapiga kelele, nyoka anainuliwa juu mara ishirini. Huyo huyo anayemletea faranga ndiye anayekosa kula kwa sababu ya faranga. Njiani kutoka Salamabila alikuwa akionyesha karibu kila kijiji ili apate mihogo ya jioni. Ndiyo maana walikonda.

Alifanya nini? Alifunga kikapu. Wiki tatu hakwenda sokoni. Alikwenda kulima shamba la mtu kwa malipo ya siku, mzee wa umri ule, mgongo umepinda. Watoto wa nyumba walimletea mayai mawili madogo ya wale ndege wa manjano wanaoning'iniza viota kwenye michikichi. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha tawi zima. Kutoa mayai kwenye kiota kizima alikataa, akisema ndege naye ni muhami kama wewe ukimbomolea. Yai moja lilikuwa na ufa, nyoka akalikataa. La pili alilimeza.

Sasa narudi kwa yule mama na swali lake. Mama, hakuna yai lililotoka kwenye mdomo wa mtoto. Yai lile dogo kama kucha ya kidole gumba halingemshibisha mtu. Lakini jibu langu haliishii hapo. Mimi naona kazi ya kulisha nyoka ni kazi yenye maana kwetu kuliko tunavyofikiri, na sababu yake ni dawa.

Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka haitengenezwi kwa majani wala kwa jiwe jeusi. Inatengenezwa kwa sumu yenyewe. Nyoka hai anakamuliwa, sumu inadungwa kidogo kidogo kwa farasi, mwili wa farasi unatengeneza kinga, na kutoka kwenye damu ya farasi wanatoa dawa. Kwa hiyo mwanzo wa dawa ni nyoka aliye hai na mwenye afya, na nyoka mwenye afya ni nyoka anayekula. Pale Watamu, kwenye pwani ya Kenya, kuna shamba la nyoka linaloitwa Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Wanafuga nyoka wengi, wanakamua sumu, wanafundisha waganga na wauguzi namna ya kutibu walioumwa. Huyo Ashe alifariki, na mwaka 2007 fira mmoja mkubwa anayetema mate ya sumu, ambaye wataalamu walikuwa hawajamtofautisha na wengine, alipewa jina lake: Naja ashei. Nairobi pia, mtaa wa Karen, kuna kituo cha utafiti wa nyoka na dawa zake kinachoshirikiana na chuo cha Liverpool, Uingereza. Katika sehemu zote hizo yupo mtu ambaye asubuhi yake inaanza kwa kuhesabu nani amekula na nani amekataa.

Wasukuma wa upande wa Mwanza, Tanzania, wana chama chao cha zamani, Bayeye, cha watu wanaoshika nyoka, wanaocheza nao ngoma na wanaotibu walioumwa. Mzee wetu hakuwahi kusikia habari yao. Nilipomweleza alifurahi sana, akauliza kama nao wana shida ya mayai.

Na dawa hiyo ni haba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka nyoka wanaua kati ya watu 81.000 na 138.000 duniani, na ndiyo sababu mwaka 2017 liliweka jambo hili kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, kisha mwaka 2019 likaweka mpango wa kupunguza vifo hivyo kwa nusu kufikia 2030. Kabla ya hapo, kampuni ya Ufaransa, Sanofi, ilisimamisha mwaka 2014 kutengeneza dawa iliyokuwa ikitegemewa na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa haikuleta faida. Chupa za mwisho zilipitwa na muda mwezi wa sita 2016. Anayeumwa na nyoka ni mkulima, mtoto anayechota maji, mama anayeokota kuni. Hao hawana pesa ya kumvutia mtengeneza dawa.

Ninyi wahami mko hatarini zaidi, na hapa elimu ya mzee inatufaa bila kufuga nyoka yeyote. Mnalala chini. Mnajenga vibanda kwenye majani mapya. Mnaweka chakula ndani ya mahali mnapolala, panya wanafuata chakula, na nyoka anafuata panya. Mzee aliniambia: «Usiulize nyoka ametoka wapi, uliza alikuja kula nini.» Penye mpunga na karanga wazi watakuja wala panya, na kati yao kuna nyoka wa nyumba asiye na neno, lakini pia kuna fira na bafe, yule mfupi mnene anayelala njiani bila kusogea. Penye maji yaliyosimama karibu na kisima kuna vyura, na vyura wanaleta yule nyoka mfupi wa mabaka ambaye chakula chake ni vyura. Ana sumu, ingawa si kali kama ya bafe. Penye kuku ndani ya nyumba, fira anakuja kwa mayai na vifaranga. Basi inua mfuko wa mpunga juu ya mbao, funika chungu, peleka kuku kwenye banda lao, kata majani kuzunguka kibanda, mwaga maji machafu mbali. Ukipata chandarua, kiingize chini ya mkeka pande zote. Usiku beba tochi.

Neno kwa vijana, maana wawili wameshaniambia wanataka kuanza kufuga. Mwacheni. Yule mla mayai wa mzee anafanana sana na huyo mla vyura niliyemtaja, na akiogopa anajikunja na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti kama ya nyoka wa sumu. Mzee anawatofautisha, wewe hapana, na mimi pia sijaribu. Na udogo si dhamana. Kuna mmoja mwembamba mweusi anayekaa chini ya udongo, ambaye hata ukimshika nyuma ya kichwa kama wanavyofanya kwenye video, anakudunga kwa jino linalotoka kando ya mdomo. Na nyinyi watoto mnaofukua shambani kale kadogo kanakong'aa mnakokaita nyoka wa vichwa viwili, mkakaweka ndani ya chupa: hakana ubaya wowote, lakini chakula chake ni mayai ya siafu na ya mchwa. Nani kati yenu atakatafutia mayai ya siafu kila siku? Kafukieni palepale mlipokatoa.

Mtu akiumwa: asitembee, asikimbie, mguu au mkono utulizwe kwa kipande cha mti kama uliovunjika, pete na bangili zitolewe, apelekwe kituo cha afya kwa pikipiki au kwa machela mara moja. Hakuna kukata kwa wembe, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kubana damu. Jiwe jeusi halitoi sumu. Mzee mwenyewe, mtoto wa mtu aliyetibu kwa majani, sasa anawaambia watu hivyo, na kwangu hilo lina uzito kuliko tangazo langu la redio.

Wiki iliyopita nilipita kwake. Nyoka wa nyumba amekula kitoto cha panya mara tano, mara mbili za mwisho bila harufu ya mjusi. Mla mayai amevua gamba, zima, mpaka kifuniko cha macho, lakini tangu yai lile moja hajapata lingine, na majira ya ndege kutaga yanapita. Mzee anafikiri kumwachilia kando ya mto kabla hajakonda tena, ingawa ndiye anayewavuta watu sokoni kuliko mwenzake. Mwenye nyumba, yule aliyekikataza kikapu, ndiye sasa anayemwambia angoje kidogo, amesikia kuna mtu njia ya Kasongo anayefuga njiwa wadogo. Yai la njiwa kwa nyoka yule ni kubwa mno, nimemwambia, lakini amekwenda kuuliza hata hivyo.

Wenye maswali juu ya nyoka, tumeni ujumbe kwenye namba ya redio mnayoijua. Jumamosi muuguzi wa kituo cha afya atakuwa pamoja nami hewani, na mzee amekubali kuja. Bila kikapu.